Vyura wa Nyantakara na Mbegu ya Mama Yako

Nyantakara, Biharamulo
Jumapili, baada ya misa

Baba Domitila, mume wangu,

Shikamoo. Itikia marahaba hapo ulipo, kwa sauti, hata kama uko peke yako na mbuzi, nitajua umeitikia. Tumsifu Yesu Kristo. Na hiyo itikia pia.

Habari za kifua? Habari za goti? Ile dawa ya presha unaimeza au unaihesabu tu kwenye kopo? Dada yako Skolastika ameniambia kwamba siku hizi unakula ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, bila mboga, kama mtu aliyefiwa. Mimi sijafa, niko Nyantakara. Majani ya kunde yako nyuma ya jiko, yachume. Na lile sweta la kijivu halikununuliwa livaliwe Krismasi. Livae asubuhi ukungu unapopanda kutoka bondeni, usije ukanipokea kwa kikohozi.

Sisi huku wazima. Domitila amepata nguvu, maziwa yapo, uji wa ulezi anaumaliza bila kusukumwa. Mtoto ananyonya kama ndama aliyechelewa kufunguliwa.

Utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu wewe husikii, baba. Unajibu "eeh, eeh, sawa" hata nikikuambia nyumba inaungua. Halafu inabidi Skolastika akae hapo akurudie kila neno kwa kelele, mpaka Bukiriro nzima inajua mambo yetu. Jambo la leo Bukiriro nzima hailihitaji. Domitila alitaka aniandikie nikakataa, maana akiandika yeye ananipunguza ukali. Darasa la tatu niliishia, lakini herufi zote ninazo. Kalamu yangu inakwenda kama konokono, ila inafika. Wewe uliyesomea ukatekista, ukiona kosa, lipite kama unavyopita mlango wa shemeji Petro akiwa na deni lako la chumvi.

Sasa keti. Umekaa?

Kile kibuyu chako chenye ufa, kilichoko darini juu ya moto, usikipeleke shambani. Kilichomo ndani yake si mbegu ya mama yako. Ni maharage ya sokoni. Nilichagua yenye madoa mekundu, nikayafunika majivu, nikajisemea macho ya mzee siku hizi si yale. Mbegu yenyewe nilikuja nayo huku, nusu yangu na nusu yako, yote. Nikifika kwenye mavuno, nilijisemea, nitairudisha mara tatu na yeye hatajua kitu.

Unaona nilivyokufanyia. Yapike hayo ya kibuyuni, ule. Mboga hiyo umepata.

Najua unavyosikia. Mbegu ambayo mama yako alivuka nayo mpaka kutoka Rwanda, imefungwa kwenye pindo la nguo, hana kingine isipokuwa wewe mgongoni. Ndiyo maana nakuandikia polepole ili uimalize barua kabla hujakasirika. Ukishaimaliza, kasirika.

Ilikuwa hivi. Nilipofika huku nilikuta shamba la Domitila limeshalimwa, tambarare, linafika mpaka kwenye miti kule, si kama vipande vyetu vya mlimani unavyopanda kwa mikono na magoti. Nikalitazama, nikatazama mbegu yangu kwenye mfuko, nikasema vizuri nilivyochukua na ya mzee. Nilitaka watu wa mkwe wetu Masalu waone kwamba binti huyu ana kwao, na kwao kuna maharage. Kilikuwa kiburi, ninakiandika mwenyewe usijichoshe kukitafutia jina.

Sasa kuhusu huyu mkwe wako Masalu. Ni Msukuma, mwenye heshima mpaka inachosha. Mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, hakaliwi naye mkeka mmoja. Akitaka kupita anakohoa kwanza, nami nageukia ukutani. Mimi niko jikoni na Domitila, mzazi wangu, yeye yuko barazani, kati yetu kuna ukuta wa udongo wenye tundu la moshi. Tukitaka kuongea tunaongea kupitia mtoto.

Na mtoto anaitwa Filipo.

Masalu mwenyewe ndiye aliyetaka jina lako. Nilifurahi, nisikufiche, lakini limenitesa. Mimi jina lako sijalitamka tangu nilipoingia kwako na sanduku langu la bati, kwetu mke hatamki. Hata ile siku ulipopotea na ng'ombe kwenye ukungu, watu wakakuita kilima hadi kilima, mimi nilipiga kelele "Wewe! Wewe!" na wewe uliitikia. Leo jina hilo nimewekewa mapajani, linanikojolea.

Basi siku ya tatu tangu nifike, jioni, wageni wa kumwona mtoto wamepungua, nakoroga uji, ndipo nikawasikia vyura. Baba Domitila, walilia! Si chura mmoja mmoja, ni kwaya nzima, wanaume na wanawake. Nikaendelea kukoroga. Wewe unajua mimi simsikilizi shahidi mmoja. Chura peke yake ni mlevi, anapiga kelele kwa lolote. Nataka wawe watatu kama kesi ya shamba. Asubuhi nikatoka nje, nikakuta sisimizi wamejipanga mstari, wamebeba mayai yao meupe wanapanda nayo ukutani. Huyo wa pili. Na kabla jua halijapanda nikamsikia mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye shavu jekundu anayetembea chini kama padri, anaunguruma kutoka upande wa msitu: huu, huu-huu. Huyo wa tatu. Kule kwetu hawa watatu wakikubaliana, mimi hushika jembe.

Nikamwambia mtoto kwa sauti ya kupita ukutani: "Filipo, mwambie baba yako kesho mbegu iingie ardhini. Mvua iko njiani."

Nikasikia anakohoa. "Filipo, mwambie bibi yako asante kwa mbegu. Mwambie pia bwana shamba ametutumia ujumbe kwenye simu. Anasema mvua mwaka huu itachelewa, tusidanganywe na matone ya kwanza."

"Filipo, muulize baba yako, huyo bwana shamba ana umri gani?"

"Filipo, mwambie bibi ni kijana."

"Basi mwambie baba yako, mimi nimesikiliza vyura kabla huyo kijana hajaota meno."

Domitila akaingilia. "Mama, jamani. Huyo kijana mwaka jana alisema kweli."

"Wewe nyonyesha," nikamwambia.

Ukuta ukakohoa. Halafu mkwe wako akasema taratibu, "Filipo, mwambie bibi yako neno lake ni neno."

Nami nikafurahi! Nikamwimbia mtoto. Sikujua kwamba kwa watu hawa kijana akimwambia mama mkwe neno lako ni neno, hajakubali. Amefunga mdomo tu. Kwetu Bukiriro mtu akikukatalia anakukatalia, mnagombana, mnakula. Ungekuwa wewe ungeniambia, "Mwanamke, vyura wako wana njaa," ningekasirika, tungegawana mbegu, basi. Huku nilipewa heshima, na heshima ile ikanimaliza.

Kesho yake nikafungua mfuko, nikampa Domitila mbegu kwenye beseni ampe mumewe. Mimi sikwenda shambani, mama mkwe hafuatani na mkwe shambani. Nilikaa na mtoto, nikasikia majembe, Masalu na dada zake wanachapa kazi huku wanaimba. Na siku mbili hazijaisha, mvua ikanyesha.

Ndiyo. Ilinyesha! Jioni moja na kipande cha asubuhi. Udongo ulinukia mpaka nikakukumbuka. Nikamwambia mtoto, "Filipo, muulize baba yako, simu yake imelowa au haijalowa?"

Akakohoa. "Filipo, mwambie bibi imelowa."

Nilicheka, baba, nilicheka mpaka Domitila akanifunika mdomo na nepi.

Maharage yakatoka. Nilikwenda kuyaona siku Masalu alipokwenda mnadani. Yalikuwa yameinamisha vichwa kwenye mistari kama watoto wa komunyo ya kwanza. Nikasema, mama mkwe wangu uliyelala Bukiriro, ona ulikofika.

Halafu jua likatoka, na halikuingia tena.

Wewe hulijui jua la huku. Kwetu jua likichoka linajificha nyuma ya kilima, ukungu unakuja unalala kwenye migomba, hata ukikosa mvua unapata umande. Huku hakuna pa kujificha. Wiki ya kwanza nikasema itakuja. Vyura walikuwa wanaendelea kuimba kila jioni, nami nikawaamini. Wiki ya pili Masalu alikuwa akipita anakohoa tu, hasemi kitu na mtoto. Ni afadhali angenitukana. Wiki ya tatu nikaenda shambani peke yangu mchana. Nikang'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa kama uzi wa sweta lililochanika, mweupe, mkavu. Nikang'oa wa pili. Nikaenda mpaka mwisho wa mstari nang'oa na kutazama, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoangusha.

Nilikaa chini kwenye udongo. Sitakuandikia nilichofanya hapo chini.

Niliposimama nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua lazima ipate mtu. Nikashika fimbo nikawafuata mashahidi wangu nyumbani kwao. Nikafuata sauti ya vyura, mchana ule walikuwa wawili watatu tu wanajaribu koo, nikapita shamba la mihogo, nikatokea nyuma ya duka la jirani yao Hamisi. Huyu Hamisi ni mtu mwema, wazee wake walitoka pwani wakaja na biashara, anauza sukari na mafuta ya taa. Nyuma ya duka lake kuna bwawa. Amelichimba, amelitandika turubai, maji yamejaa pomoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya maji ya nani?"

"Yangu, bibi. Nafuga samaki. Nayavuta kwa pampu kutoka kisimani."

"Na vyura?"

"Hao sikuwaalika, bibi. Walikuja wenyewe nilipojaza maji kiangazi. Tangu siku hiyo hatulali."

"Tangu kiangazi?"

"Tangu kiangazi. Mke wangu anataka niwamwagie chumvi."

Nilisimama pale na fimbo yangu. Kulikuwa na chura mmoja, mnene, ameketi juu ya bomba kama mwenyekiti wa kijiji. Akanitazama. Nikamtazama. Baba Domitila, yule chura hakuwa amenidanganya. Hakuwa hata akiniongelesha. Alikuwa amepata maji, anaita mke. Mimi ndiye niliyesimama jikoni kwa watu nikasema ananipa habari.

Hamisi akaniuliza kama nataka samaki wawili. Nikawachukua. Hasira si sababu ya kukataa samaki.

Nyumbani nikamweleza Domitila. Akaanza kulia. Nikadhani analilia mbegu. Kumbe ni wale sisimizi. "Mama," akasema, "asubuhi ile nilikuwa nimewamwagia maji ya moto kwenye tundu lao. Walikuwa wanapanda kitanda cha mtoto." Sasa ungekuwa wewe sisimizi, umemwagiwa maji ya moto, usingebeba mayai? Na kutoka ng'ambo ya ukuta nikasikia kikohozi. "Filipo, mwambie bibi yako, na wale mumbi pia. Msitu ule ni kwao. Wanalia hivyo mwaka mzima, hata kiangazi wanalia. Sisi tumewazoea."

"Na kwa nini hukusema siku ile?" nikauliza, nimesahau hata kumtaja mtoto.

Ukuta ukashtuka. Domitila akanifinya. Nikarudia vizuri: "Filipo, muulize baba yako kwa nini hakusema."

"Filipo," akasema, "mwambie bibi, utamwambiaje mama kwamba ndege wake hawajui kitu?"

Katika mashahidi wangu wa siku zote nikabaki na kumbikumbi tu. Nikamwambia mtoto kwamba kumbikumbi angalau sijawahi kuwaona wakiruka bila mvua. Baba yake akafikiri kidogo. "Filipo, mwambie bibi kumbikumbi hutoka mvua ikishanyesha. Ni kama mtu anayetabiri arusi huku ameshika sahani ya pilau." Halafu akaona amevuka mpaka, akakohoa mara tatu, akaondoka kabisa uani. Domitila alizika uso kwenye kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Na mimi nilicheka kidogo, lakini baadaye, na kwa ndani.

Sasa nikuambie nililofikiri, maana sikulala vizuri siku zile na mtu asiyelala anapata akili kwa lazima.

Unakumbuka msimu wetu wa kwanza? Mimi nikasema vyura wamesema, tupande. Wewe ukachimba kwa jembe, ukachomeka mkono ardhini kama mtu anayetafuta fuko, ukasema unyevu haujafika kwenye kifundo cha mkono, tusubiri. Tukagombana mpaka mama yako akatoka nje na mwiko. Akamimina mbegu chini, akaipasua katikati kwa mkono wake. "Gawaneni," akasema. "Anayejua zaidi atamlisha mwenzake." Tangu hapo nusu yangu kwa wanyama wangu, nusu yako kwa kiganja chako.

Na mimi miaka yote nimetembea kifua mbele. Kisimani, kanisani, kwenye kahawa, nawaambia wanawake: mwaka aliozaliwa Domitila vyura walisema na ikawa. Mwaka bati zilipoezuliwa sisimizi walijua. Nimekaa hapa nikajilazimisha kukumbuka ile mingine. Ule mwaka tuliokula majani ya maboga mpaka Januari. Ule ambao nusu yangu ilioza kwa sababu mvua ilikuja na haikuondoka. Ule mwingine ambao nilikuambia panya ndiye aliyekula, na haikuwa panya. Miaka ile tulikula nini? Tulikula nusu yako. Ulileta debe ukaliweka, hukusema kitu, mimi nikapika, na msimu uliofuata nikaanza tena habari za vyura. Nililishwa, baba, na mimi nikadhani ndiye ninayelisha.

Lakini usianze kucheka huko na goti lako. Sijasema wanyama ni wajinga. Chura wa bondeni kwetu nimemzoea, hana bwawa wala pampu. Yule akilia, kuna maji fulani yamemgusa. Najua kesi yake. Mumbi kwetu ni mgeni, akifika kuna kilichomfukuza alikotoka. Kosa langu ni kwamba nilichukua ushahidi wa Bukiriro nikaja kuusoma Nyantakara, kama mtu anayekwenda kwa jirani na ufunguo wa nyumba yake akashangaa mlango haufunguki. Na hata huko kwetu, sasa naona, walikuwa wanasema kweli na uongo, mimi nikaokota kweli tu. Hata simu ya bwana shamba nayo isijitape. Majuzi ilisema mvua kubwa Jumanne, tukaingiza udaga wote, mihogo tuliyoianika, ndani, jua likawaka mpaka jioni, udaga ukanuka. Nilimwambia Filipo amwambie baba yake.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie badala ya kujitupa kwenye bwawa la Hamisi.

Siku tatu nilikuwa siwezi kula. Siku ya nne Domitila akaingia jikoni amebeba ndoo yenye mfuniko, akaiweka mbele yangu. Nikafunua. Majivu. Nikaingiza mkono kwenye majivu, nikatoa maharage. Madoa mekundu. Ya mama yako.

"Nusu ya baba," akasema Domitila.

Nikachota mengine kiganjani.

"Mama, mimi tangu nizaliwe nimeona mbegu inagawanywa. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyopanda. Uliponipa beseni lote nikasema mama amesahau, nikagawanya. Nusu nikampa Masalu apande kwa neno lako. Nusu nikaizika kwenye majivu, ya baba. Nilijua baba hajasema."

Na kutoka ng'ambo ya ukuta: "Filipo, mwambie bibi yako tulimficha. Mwambie anisamehe."

 Nikaifunika ndoo kwa mikono miwili. Nikasema, "Filipo, mwambie baba yako ameoa vizuri." Akacheka kule nje, mara ya kwanza nimsikie akicheka. Nilimpikia wale samaki wa Hamisi, niliokuwa nimewakausha juu ya moto, Domitila akampelekea.

Na Jumatano mvua ikaja. Mvua yenyewe sasa, ile nzito, isiyo na haraka. Hakuna mnyama aliyeniambia. Kuku walikuwa wanaoga vumbi, mbuzi amelala, mimi nakoroga uji. Imenyesha Alhamisi, Ijumaa, na jana. Majirani wote wameingia mashambani. Jana jioni, mkwe alipotoka, nikachimba kwa jembe, nikachomeka mkono kama unavyofanya. Ubaridi ule ukanifika hapa kwenye kifundo. Domitila akasema, "Basi mama, tupande." Na asubuhi hii kabla ya misa nikasikia kikohozi: "Filipo, muulize bibi yako, tupande?"

Wote wananingoja mimi. Ndoo iko hapa karibu na mguu wangu. Ndiyo yote iliyobaki ya mama yako duniani.

Nimewaambia hapana. Kipimo si changu. Kiganja changu nikikilaza juu ya chako vinabaki vidole viwili vyako nje, ninajua, nimekilaza miaka mingi. Sasa unyevu uliofika kwenye kifundo changu, kwako unafika wapi? Inawezekana bado. Inawezekana tumeshachelewa. Mimi sijui, na nimechoka kujifanya ninajua. Ndoo itasubiri siku nne, tano, zaidi ya hapo majirani watatucheka kwa haki.

Ng'ombe mwachie shemeji Petro, na mwambie asimkamue yule mwenye ndama mpaka ndama amalize. Funga jiko. Mjukuu huyu ana wiki saba hujamwona, unasema utakuja kahawa ikiisha, mara mahindi yakiisha. Nasikia visingizio vyako vyote kama ninavyosikia vyura, na hivyo navyo najua kesi yao. Masalu atakuja stendi na pikipiki. Ni mrefu, atakuinamia mpaka utaona haya. Mwambie maneno yako usoni, wewe unaruhusiwa.

Msalimie wifi yangu Skolastika, na asante kwa kunipelelezea, aendelee. Msalimie shemeji Petro, na ile chumvi nimeisamehe. Wasalimie wanawake wa jumuiya yangu. Kama watakuuliza vyura wa huku wanasemaje, waambie nitawaeleza mwenyewe, na hadithi hiyo watacheka wao, si mimi. Msalimie mama yako pale alipolala. Palilia kaburi kabla hujaondoka, usimwambie bado.

Domitila anakusalimu. Masalu amekohoa, nadhani ni salamu.

Barua hii anakuja nayo mwanakwaya wa hapa anayekuja huko kwa arusi. Usimrudishie jibu. Usipige simu useme eeh, eeh. Lete kile kiganja. Jina nililokuwa nalikwepa kwenye barua nzima nimeshalizoea kwa mtoto, sasa nakuitia wewe, na limenichukua muda kuliko kurasa zote hizi:

Filipo, njoo.

Mkeo anayekungoja na ndoo,
Mama Domitila